Shahada ya kwanza MIT: maswali ya wanafunzi na wazazi wa Afrika Mashariki

Kila mwaka kati ya Agosti na Januari maswali ni yale yale, na mengi yanatoka kwa vijana wa kidato cha tano na sita, waliomaliza KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya), na wazazi waliosikia jina la MIT kwa mtu. Majibu haya yanahusu chuo hicho kimoja tu, Massachusetts Institute of Technology, kilichopo Cambridge, Massachusetts, ng'ambo ya mto Charles ukitokea Boston. Vyuo vingine vya Marekani vina taratibu zao. Ada na tarehe hubadilika, kwa hiyo kabla ya kulipa au kutuma chochote, fungua tovuti ya udahili ya chuo chenyewe usome ya mwaka wako.

MIT ni chuo binafsi. Maana yake ni biashara ya mtu?

Hapana. Kwetu ukisema chuo binafsi, wengi huwaza mahali pa kwenda ukikosa nafasi serikalini. Huko mambo ni tofauti. MIT kilipewa hati ya kuanzishwa mwaka 1861, hakina mwenye hisa anayegawana faida, na kinaendeshwa kwa mfuko wa akiba uliokua kwa vizazi, kwa ada, kwa michango ya wahitimu na kwa fedha za utafiti, nyingine zikitoka serikali ya Marekani.

Neno la kuzingatia zaidi ni utafiti. Wanafunzi wa shahada ya kwanza ni kama 4,500, na wa shahada za juu ni wengi kuliko hao. Profesa anayekufundisha fizikia asubuhi, mchana yuko maabara na timu yake. Tangu 1969 kuna mpango uitwao UROP, unaomruhusu mwanafunzi, hata wa mwaka wa kwanza, kuingia kwenye timu hizo akafanya kazi ya kweli, kwa kulipwa au kwa kuhesabiwa kama somo. Humwandikii mkuu wa kitivo barua ya maombi. Unamtumia profesa barua pepe, unaeleza umesoma nini na unataka kusaidia wapi. Wengine hawatajibu. Unamwandikia mwingine.

Niombe kozi gani?

Hakuna. Hapa ndipo watu waliozoea utaratibu wa udahili wa TCU ya Tanzania au KUCCPS ya Kenya huchanganyikiwa. Unaomba kuingia chuoni, huombi kozi. Fomu itakuuliza unavutiwa na nini, lakini jibu hilo halikufungi. Mwaka wa kwanza unasoma masomo ya msingi, na mwishoni mwake unachagua fani. Idara haina uwezo wa kukukataa kwa sababu ulikosa pointi fulani.

Fani zinaitwa kwa namba: 2 ni uhandisi wa mitambo, 6 ni umeme na kompyuta, 8 fizikia, 18 hisabati. Majengo nayo yana namba. Utamsikia mtu anajitambulisha, "mimi ni kumi na nane," na hazungumzii umri.

Ni uhandisi na sayansi tu?

Uchumi, isimu, falsafa, usanifu majengo, muziki na menejimenti vyote vipo, na idara za uchumi na isimu zina sifa kubwa duniani. Zaidi ya hapo, kila mwanafunzi, hata wa roketi, lazima amalize masomo manane ya sanaa, lugha na sayansi za jamii. Wapo wanaolisikia hili kama adhabu. Mimi naliona ni moja ya mambo mazuri kabisa ya chuo hicho.

Nina Division One ya pointi tatu, ya juu kabisa kidato cha sita. Nitapata?

Inasaidia, haitoshi. Hakuna kiwango cha kukatia kama tulichozoea. Kila mwaka huomba zaidi ya watu 26,000 na hukubaliwa kama 1,300. Kwa waombaji wa nje ya Marekani, wanaofanikiwa ni asilimia 2 hivi. Wengi wa wanaokataliwa wana alama za juu kabisa kwao. Alama zinakupitisha kwenye swali la kwanza: huyu ataweza hisabati na fizikia ya huku? Kinachofuata ni kuangalia umefanya nini na mazingira uliyokuwa nayo.

Hapo kwenye mazingira pana unafuu ambao wengi hawaujui. Msomaji wa maombi hamlinganishi mwanafunzi wa shule ya kata isiyo na maabara na yule wa shule ya kimataifa ya Nairobi yenye klabu kumi na mbili. Anauliza huyu alipewa nini, akakifanyia nini. Lakini hawezi kujua kwamba shule yenu ina vitabu vinne vya fizikia kwa wanafunzi sitini kama hakuna aliyemwambia. Mwambie.

Nasoma PCB (fizikia, kemia na biolojia), sijachukua hisabati ya juu. Au nimemaliza KCSE.

Hakuna mchepuo ulioandikwa kuwa ni marufuku, ila ukifika utasoma mihula miwili ya kalkulasi, miwili ya fizikia, mmoja wa kemia na mmoja wa biolojia, hata kama unataka kuwa mwanamuziki. Wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) anayo misingi ya kalkulasi. Wa PCB mwenye hesabu za BAM tu (somo dogo la hisabati la kidato cha tano na sita), na wa KCSE aliyeonja utofautishaji na uunganishaji mwishoni mwa kidato cha nne, wajiongezee wenyewe. Masomo ya MIT yenyewe yamewekwa bure mtandaoni tangu 2002 kupitia OpenCourseWare. Chukua kalkulasi ya muhula wa kwanza, fanya mazoezi yake kwa kalamu na karatasi, na utajua unasimama wapi kuliko mtu yeyote atakavyokuambia.

SAT, mtihani wa Kimarekani wa kuombea vyuo, ni lazima?

Ndiyo. Wakati wa korona MIT ilisitisha sharti hilo kama vyuo vingine, ikalirudisha mwaka 2022. SAT au mwenzake ACT, mojawapo. SAT sasa hufanywa kwenye kompyuta, saa mbili na dakika kumi na nne, sehemu mbili, jumla ya alama 1600. Kwa hisabati, wengi wa wanaokubaliwa wana kati ya 780 na 800, kwa hiyo 650 ni ishara kwamba urudie. Ukirudia, MIT huchukua alama ya juu ya kila sehemu, hata zikiwa za siku tofauti.

Tatizo la kwetu ni nafasi kuliko mtihani wenyewe. Vituo ni vichache na hujaa mapema, na anayetoka Songea au Lodwar anahesabu nauli na pa kulala. Jisajili miezi kadhaa kabla. Andaa pasi ya kusafiria, maana ndicho kitambulisho kisicholeta ubishi mlangoni, na kuipata huchukua muda. Msamaha wa ada ya SAT umewekwa kwa ajili ya wanafunzi wa Marekani, hivyo hiyo jiandae kulipa. Mazoezi ya bure yapo kwenye tovuti ya Khan Academy, na hakuna haja ya kulipia kozi ya gharama kubwa.

Na mtihani wa Kiingereza?

Kama sekondari yote umesoma kwa Kiingereza, kwa kawaida huhitaji. Anayetoka Bujumbura au Goma, aliyesoma kwa Kifaransa, afanye mmojawapo kati ya TOEFL, IELTS au Duolingo. Wa Duolingo ndio wa bei ndogo na hufanywa nyumbani, mradi intaneti isikatike katikati.

Niombe lini? Matokeo yangu bado.

Kuna awamu mbili. Ya awali hufungwa Novemba 1 na majibu hutoka katikati ya Desemba. Ya kawaida hufungwa siku za kwanza za Januari, na majibu hutoka Machi 14. Tarehe hiyo wameichagua makusudi, kwa mtindo wa Kimarekani huandikwa 3.14, mwanzo wa namba ya pai. Awamu ya awali haikufungi. Ukikubaliwa, una hadi Mei 1 kuamua.

Sasa linganisha na kalenda zetu. Mtanzania wa kidato cha sita anafanya mtihani wa taifa Mei na matokeo hutoka Julai, na masomo MIT huanza karibu Septemba. Anaweza kuomba akiwa bado shuleni, akitumia matokeo ya kidato cha nne, ripoti za shule na SAT. Atajibiwa kabla hajaingia chumba cha mtihani, kisha atatuma matokeo ya mwisho. Wengi hawalijui hili, wanasubiri Julai, wanapoteza mwaka. Kupoteza mwaka si msiba pia: anayesubiri ana muda wa SAT na insha. Lakini kama umeitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), kumbuka kambini simu huwezi kuitegemea, kwa hiyo barua za walimu ziombe kabla hujaondoka.

Kwa Mkenya, KCSE inaangukia Novemba, wakati ule ule wa SAT za mwisho. Fanya SAT Agosti au Oktoba, au uombe mwaka unaofuata ukiwa na matokeo mkononi.

Jambo moja la kuangalia: usijisajili chuo kingine kwa shahada huku "ukisubiri". Ukishamaliza mihula miwili huko unahesabiwa mwanafunzi wa kuhamia, na nafasi za kuhamia ni chache sana.

Ada ni shilingi ngapi?

Mwaka wa masomo 2024–25 ada peke yake ilikuwa dola 61,990. Ukiongeza malazi, chakula, vitabu na matumizi, ilifika karibu dola 86,000. Kwa mwaka mmoja. Wazazi wengi husoma hapo na kufunga ukurasa.

Usifunge. Hiyo ni bei iliyobandikwa, na familia nyingi hazilipi hiyo. MIT ni moja ya vyuo vichache vya Marekani ambavyo haviangalii uwezo wako wa fedha wakati wa kuamua kama ukubaliwe, hata ukiwa raia wa nchi nyingine. Ukishakubaliwa, wanapiga hesabu ya kile familia yako inaweza kutoa, na pengo lote linalobaki linazibwa na chuo, kwa ruzuku isiyorudishwa. Kuanzia msimu wa vuli 2025, familia yenye kipato cha chini ya dola 100,000 kwa mwaka na mali za kawaida haitarajiwi kuchangia chochote. Familia ya mwalimu wa Iringa au mwenye duka la rejareja Kisumu iko chini ya hapo kwa mbali. Mwanafunzi mwenyewe hutarajiwa kufanya kazi kidogo chuoni, za maktaba, maabara na kadhalika.

Hakuna ufadhili wa kufaulu sana wala wa michezo. Fedha zote hutolewa kwa kuangalia uhitaji, kwa hiyo usipoteze siku ukitafuta fomu ya "full scholarship" ya MIT. Haipo. Kuna fomu ya msaada wa fedha tu.

Baba ni mkulima, mama anauza chakula. Hatuna hati ya mshahara wala ya kodi. Fomu ya fedha tunaijazaje?

Fomu yenyewe inaitwa CSS Profile, na imetungwa na watu waliozoea familia zenye hati ya mshahara. Usiogope, na usibuni tarakimu ili ionekane nadhifu.

Kaeni mezani na wazazi. Andikeni mwaka ulivyokwenda: mahindi magunia mangapi, mangapi yaliuzwa, bei gani, mangapi yameliwa nyumbani. Biashara ya chakula ijumlishwe kwa wiki, ukitoa mkaa, unga na mafuta, kisha kwa mwaka, ukiondoa miezi isiyo na wateja. Ndugu anayelipa karo ya wadogo zako naye aandikwe, maana atakayesoma atashangaa mnaishije. Hati za kodi kama hazipo, mzazi aandike maelezo na kuyasaini, mkiweza mpate na barua ya mtendaji wa kijiji au ya chifu. Nyumba na shamba hutajwa pia, hata kama hakuna anayewaza kuviuza.

Wazazi wetu wengi hawapendi kumtajia mgeni mapato yao, na wengine huogopa kwamba wakionekana maskini mtoto atanyimwa. Wakati mwingine hii ndiyo kazi ngumu kuliko SAT. Anza mazungumzo hayo mapema, wala usiyaanze mbele ya wageni. Kwa MIT, kuonekana huna hakukupunguzii nafasi.

Ada ya maombi ni dola 75. Kama ni mzigo kwenu, ndani ya fomu kuna mahali pa kuomba msamaha.

Insha zinataka nini? Niandike Kiingereza kigumu?

MIT ina fomu yake, haitumii ile ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi. Badala ya insha moja ndefu kuna maswali mafupi, jibu moja likiwa na maneno mia moja hadi mia mbili hivi: unafanya nini kwa kufurahia tu, umeshirikianaje na watu, umetoka wapi na kumekujengaje.

Shuleni tulifundishwa insha yenye utangulizi, methali na hitimisho. Hapa iache. Tuseme kijana anaandika: "Tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya teknolojia na ninatamani kuibadilisha Afrika." Sentensi hiyo inaweza kuwa ya mtu yeyote. Akiandika kwamba mashine ya kusaga ya mjomba wake ilikuwa inakata mkanda kila baada ya wiki mbili, akapima akaona puli mbili hazikai mstari mmoja, akaweka vipande vya bati kunyanyua mota, mkanda ukadumu, ila mashine ikaanza kutetema kwa namna mpya ambayo hadi leo hajaielewa, hapo msomaji amekutana na mtu. Hilo la kutoelewa lisifutwe.

Kiingereza chepesi kinatosha. Insha iliyoandikwa na programu ya kompyuta au na binamu aliye ng'ambo hutambulika, kwa sababu hailingani na sauti ya majibu mengine. Na usijipe mateso usiyoyapitia. Umaskini wenyewe hauleti alama.

Barua za walimu je?

Mbili: moja ya mwalimu wa hisabati au sayansi, nyingine ya mwalimu wa lugha, historia au masomo ya jamii. Shule nayo inajaza taarifa yake na ripoti za alama. Kawaida yetu ni barua ya mistari mitano: "Ni mwanafunzi mwenye nidhamu na bidii, naomba apewe ushirikiano," mhuri, saini. Kwa ofisi ya wilaya inatosha, kwa MIT haisemi kitu. Muombe mwalimu kwa heshima, mkumbushe tukio moja au mawili anayoyajua: swali ulilomgomea ubaoni, jinsi ulivyowafundisha wenzako usiku wa mtihani. Wapo walimu wasiotumia barua pepe, na barua hutumwa mtandaoni na mwalimu mwenyewe, si mwanafunzi. Nenda naye mtandaoni, mfungulie akaunti yake, kisha ondoka aandike peke yake.

Usimchague mkuu wa shule asiyekufundisha kwa sababu tu ya cheo.

Kuna usaili?

Ukipangiwa, ni mazungumzo na mhitimu wa MIT anayejitolea, mara nyingi kwa video. Usipopangiwa kwa kukosekana mtu, hupungukiwi kitu.

Kuna wakala anasema ana mtu ndani ya MIT.

Hana. Chukua fedha zako uondoke.

Viza ikoje siku hizi?

Hapa ndipo pagumu kwa sasa. Kwa kawaida, ukikubaliwa na fedha zikipangwa, chuo kinakupa fomu ya I-20, ya kuombea viza ya mwanafunzi. Unalipa ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa nje) dola 350, unajaza fomu ya viza DS-160, unalipa dola 185 za viza ya mwanafunzi, F-1, kisha unakwenda ubalozini kwa usaili. Tangu Juni 2025 waombaji wa viza za masomo wanatakiwa pia kuweka wazi akaunti zao za mitandao ya kijamii.

Lakini amri za rais wa Marekani zimezuia viza za wanafunzi kwa raia wa nchi kadhaa. Burundi iliingia kwenye amri ya Juni 2025, na Tanzania kwenye ile ya Desemba 2025, iliyoanza kutumika Januari 1, 2026. Orodha hiyo imebadilika zaidi ya mara moja, na uamuzi wa chuo na uamuzi wa serikali ni vitu viwili. Angalia tovuti ya ubalozi, usitegemee ujumbe wa WhatsApp. Kwa Mtanzania, ushauri wangu ni kuomba na vyuo vya nchi nyingine sambamba, usiweke mayai yote huko.

Maisha yenyewe yakoje?

Kazi ni nyingi. Kila somo lina mazoezi ya wiki, na hayafanyiki peke yako. Aliyezoea kuwa wa kwanza darasani bila kumuuliza mtu hupata shida kuliko wa kumi aliyezoea kusoma kwa kikundi. Chuo kinajua hivyo: muhula wa kwanza hakuna A wala B, unaandikiwa umefaulu tu, na somo ulilofeli halionekani kwenye rekodi ya nje. Januari nzima ni kipindi huru cha kozi fupi, miradi au mapumziko.

Mwaka wa kwanza lazima ukae bwenini. Mabweni mengine yana ukumbi wa chakula, mengine watu hujipikia, na hayo ndiyo ya kuchagua kama huwezi kuishi bila ugali. Chakula cha halali kinapatikana, mahali pa kuswali papo, makanisa yapo, na kuna chama cha wanafunzi wa Kiafrika. Baridi ni kali kuanzia Desemba. Usinunue makoti Kariakoo au Gikomba kabla ya kuondoka, utayapata huko yanayofaa hali yao.

Ni kweli kuna mtihani wa kuogelea?

Kweli. Yadi mia moja, kama mita 91, bila kupimwa kasi. Wa Mafia na Lamu watacheka. Wa Dodoma asihofu, asiyejua anasoma darasa la kuogelea na linahesabiwa kwenye masomo ya mazoezi ya mwili anayotakiwa kuchukua hata hivyo.

Nikimaliza naweza kufanya kazi huko?

Sheria iliyopo inampa mhitimu mwenye viza ya F-1 miezi 12 ya kazi inayohusiana na fani yake, na wa sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati anaweza kuomba miezi 24 zaidi. Ukiwa bado mwanafunzi, kazi za chuoni ni hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo.

Nimekataliwa. Naweza kuomba tena?

Unaweza, mwaka unaofuata, kama hujaanza shahada mahali pengine. Fomu ile ile ikirudishwa bila kitu kipya ndani, jibu huwa lile lile. SAT iliyopanda, mradi uliokamilika au mwaka wa kazi unaoweza kuuelezea ni sababu ya kujaribu. Kama hakuna kilichobadilika, chukua nafasi uliyopata Dar, Makerere au Nairobi, na MIT uifikirie tena kwa shahada ya uzamili, ambako idara yenyewe ndiyo inayochagua na utakuwa na kazi ya utafiti ya kuwaonyesha.